Fundi aliyeokoa Cessna yetu bila kuifungua injini

Kama una ndege ya zamani hapa Mombasa na umeambiwa injini imezeeka, soma haya kabla hujatoa pesa.

Mimi na shemeji yangu tuna Cessna 172 ya miaka ya hamsini, ile yenye injini ya Continental O-300, silinda sita, nguvu za farasi 145. Kwa muda sasa ilikuwa haipandi. Kitabu chake kinasema futi 660 kwa dakika usawa wa bahari. Sisi tukiruka wawili tu, tangi nusu, tulikuwa tukipata 350. Na angani ilisota: geji ya mizunguko inasoma 2,450, mwendo maili 105 kwa saa. Karakana moja, ambayo siitaji, iliisikiliza ikinguruma, ikatamka ovahoo, yaani injini ifunguliwe yote na kujengwa upya. Bei waliyotupa ingenunua gari zuri.

Mzee niliyemwita baadaye ana leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, na anafanya kazi peke yake, anakufuata ndege ilipo. Alikuja uwanja wa Moi na mkoba mmoja. Spana hakuitoa. Aliuliza joto lilikuwa nyuzi ngapi tulipopima, akaandika 32, akapiga hesabu: uwanja uko futi 200 tu juu ya bahari, lakini kwa joto hilo ndege inaona hewa ya kama futi 2,200. "Joto linakula sehemu, mwanangu," akasema, "lakini haliwezi kula nusu. Ingekuwa uwanja wa Wilson, Nairobi, kule juu ya futi 5,500, ningekuelewa."

Kisha akapima kompresheni. Unatia hewa ya pauni 80, unatazama silinda inashika ngapi. Zote sita zilikuwa juu ya 70. Injini iliyohukumiwa kifo ilikuwa nzima! Hapo ndipo nilipoanza kumwamini kabisa.

Akapanda kiti cha mbele na kipimo kidogo kinachohesabu mizunguko ya propela kwa mwanga, akakiweka hesabu ya mapanga mawili (ukisahau hilo kinakupa namba za uongo), akakielekeza kwenye propela kupitia kioo. Magurudumu yamezuiwa, breki zimekazwa, mafuta yamesukumwa hadi mwisho. Geji yetu ikasema 2,300. Kipimo chake kikasema 2,150. Geji ilikuwa ikitudanganya kwa mizunguko 150, na kwa miaka tumekuwa tukiipunguza injini angani tukidhani imefika. Mwendo mdogo ulikuwa umepata jibu. Kupanda bado, maana hata hiyo 2,150 ilikuwa chini ya kitabu.

Akafuata njia ya nguvu kipande kwa kipande: mkono wa kabureta unagonga kizuizi chake mafuta yakisukumwa yote? Unagonga. Mlango wa hewa moto ya kabureta unafunga? Unafunga. Muda wa magneto, zile zinazotoa cheche za kuwasha injini, uko sawa. Flapsi, yale mabamba ya nyuma ya mbawa, zimepanda zote. Ndipo akashuka chini, akaingiza tochi na kioo cha mkono kwenye bomba la sailensa, akaniita nichungulie. Bati za ndani zilikuwa zimekatika na kulala mlangoni pa moshi, kama mfuniko uliokaa upande juu ya sufuria. Injini ilikuwa haipumui. Akaniambia pia kwa nini hilo haliachwi hivi hivi: joto la kupashia chumba cha rubani hutoka kwenye sailensa hiyo hiyo, na ikipasuka, moshi wenye sumu unaingia mnamokaa. Tuliamua ndege isiruke tena hadi sailensa ibadilishwe.

Sailensa mpya ikafungwa, geji ikabadilishwa. Asubuhi yenye ubaridi tuliruka kuelekea Mtwapa, naye akatuagiza tupime kwa GPS pande tatu tofauti tupige wastani, kwa sababu upepo wa kusi ungemdanganya yeyote anayepima upande mmoja. Futi 600 kwa dakika, na maili 113 kwenye 2,450 ya kweli. Nimeridhika mno.

Malalamiko yangu ni mawili. Vipuri havileti yeye. Tulivitafuta Nairobi wenyewe na vilichelewa. Pia hutoza kwa siku, hata siku ya kupima tu, jambo ambalo shemeji alilinung'unikia. Mimi naona siku hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko zote.

Simu Ijumaa mchana hapokei. Na kitabu cha kumbukumbu za injini uwe nacho mkononi akifika, maana bila hicho hagusi hata kifuniko.