Miwani ya uhalisia pepe kwa mkono uliopooza: uzoefu wangu

Kiharusi kilinipiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi mapema kiasi cha kutembelea fimbo, mkono ukagoma. Nilitoka hospitali na karatasi ya mazoezi: funga ngumi, fungua, inua, rudia. Sijui ni nani huwa anaimaliza karatasi ile. Mtaalamu wangu wa fiziotherapia ndiye aliyenishauri nijaribu nyumbani miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuonyesha mazingira ya kompyuta kana kwamba uko ndani yake, pamoja na programu iliyotengenezwa kwa ajili ya waliopata kiharusi.

Nianze na jambo ambalo matangazo hayalionyeshi: kuivaa. Mkanda wake unataka mikono miwili, nami nina mmoja na nusu. Huwa naiegemeza mezani, nainamisha uso ndani yake, kisha navuta mkanda kisogoni kwa mkono mzima. Ina uzito wa karibu nusu kilo, na shingo inaujua. Rimoti yake, inayoionyesha programu mkono uko wapi, tunaifunga kiganjani kwa bandeji, maana vidole havishiki. Unaweza kuacha rimoti ukategemea kamera za miwani, ila zikikuta ngumi iliyokaza zinachanganyikiwa: mkono unaouona mbele yako unatetemeka, unapotea, unarudi umepinda. Inaudhi.

Mazoezi yenyewe nayapenda. Mipira inakuja polepole, unatakiwa kuigusa kabla haijapita. Kwanza programu hupima mkono unafika wapi, halafu huweka mipira mbele kidogo ya hapo. Ukifika, inaisogeza tena. Muda si mrefu mkono umenyooshwa mara nyingi kuliko ambavyo karatasi ingenishawishi. Faida yake kubwa iko hapo, kwa sababu ubongo hujipanga upya kwa kurudia. Catherine Lang na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2009, walikuta kwamba kikao cha kawaida cha tiba ya mkono kilikuwa na wastani wa marudio 32 tu ya mazoezi ya vitendo, wakati wanyama wa maabara katika tafiti za kiharusi hurudia mamia.

Sasa tatizo. Programu inaona rimoti, haioni bega. Mpira ukiwa mbali, kiwiliwili chote kinaenda mbele, bega linapanda hadi sikioni, mpira unaguswa, alama zinaongezeka, na kumbe kiwiko hakijanyooka hata kidogo! Mke wangu ndiye aliyegundua. Siku hizi hukaa pembeni na kuniwekea kiganja kifuani nisiegemee mbele. Akifanya hivyo alama zangu zinaporomoka, na hizo ndizo za kweli.

Michezo inayokutembeza hewani niliiacha, inaleta kichefuchefu. Natumia ile ambayo mazingira yametulia, tena nikiwa nimeketi kwenye kiti chenye mikono, maana ukishaivaa huoni sakafu. Aliyewahi kupata degedege amuulize daktari kabla ya kuigusa.

Je, inashinda fiziotherapia? Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 72, hayakuona hivyo kwa upande wa mkono. Yalichoona ni kwamba huenda ikasaidia ikiongezwa juu ya tiba ya kawaida. Kwangu imekuwa vivyo hivyo. Kiwiko sasa kinanyooka kiasi cha kuingiza mkono kwenye shati bila kuuvuta kwa mwenzake. Vidole, bado. Kikombe cha ndani ya mchezo hakina uzito wala hakitelezi, kwa hiyo nikivua miwani nahamia kwenye kikombe halisi cha plastiki, na hapo jasho linatoka kwelikweli.

Anayetaka kununua aijaribu kwanza kliniki, na aulize kama mtaalamu wake ataweza kuona matokeo na kubadilisha mazoezi akiwa mbali. Yangu inaruhusu, na ndiyo sababu bado nailipia. Lakini kwa mtu anayeishi peke yake na bado hajiwezi kukaa bila kuyumba, ningemwambia asubiri.