Ushauri nasaha kwa waliofiwa, Msamvu Morogoro: nilimpeleka wifi yangu

Nampa mama mshauri nyota nne kati ya tano. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye nyumbani kwao kuna aliyejitoa uhai na hajui amshike vipi aliyebaki.

Kaka yangu alijiua mwezi wa nne mwaka jana. Matanga yalianuliwa siku ileile ya mazishi, na waliokuja kutoa pole walimuuliza wifi swali moja tu: "Kwani mligombana?" Mahali pa kwanza nilipompeleka alisomewa habari za moto wa milele mpaka akatoka nje analia. Ndipo jirani akanielekeza hapa, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Mama huyu hakuanza na kifo. Alisema, "Nitajie jina lake. Alikuwa anapenda nini?" Wifi alikuwa na miezi mitatu hajalitamka jina hilo. Akalitaja, akanyamaza kitambo, kisha: "Chai ya tangawizi. Sukari vijiko vinne." Tulicheka huku tunalia.

Siku ya pili akamuuliza waziwazi, "Na wewe, umewahi kutamani kufa?" Nilishtuka, nikaona anamtia wazo kichwani. Akanieleza kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema, na kwamba waliofiwa hivi nao huwa kwenye hatari zaidi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, sasa nani atasema hadharani? Wifi alisema. Mara mbili. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja na sikujua. Hatukuondoka mpaka tumepanga zamu za kuwa naye na nani apigiwe simu usiku.

Watoto tulikuwa tumewaambia baba alikufa kwa presha. Akatushauri tuwaambie ukweli kwa maneno mafupi kabla hawajausikia shuleni, na tuwahakikishie kwamba si kosa lao. Yule mkubwa, ana miaka tisa, akasema, "Nilijua. Nilifikiri ni kwa sababu nilivunja redio yake." Mtoto alikuwa anatembea na hilo peke yake.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya benchi la kusubiri. Liko kwenye korido, kila anayepanda ngazi anakuona, na kwa msiba kama huu hilo linauma. Pia yupo Alhamisi tu. Saa moja ni shilingi 30,000, ila alituruhusu kulipa kidogokidogo bila kutusumbua.

Mwezi wa nne unakaribia tena. Ameshaiandika tarehe kwenye daftari lake na kutuambia tusimwache wifi peke yake wiki hiyo. Ruhusa kazini nimeshaomba, na tangawizi nimenunua.