Tahadhari: Okidi zilizong'olewa mwambani zinauzwa kama miche ya kitaluni

Wapenzi wa maua, hasa mlio Mombasa, Kilifi na Tanga, jihadharini na muuzaji anayetangaza katika makundi ya simu ile okidi kubwa ya pwani, Angraecum eburneum ya aina ya giryamae, iliyopewa jina la Wagiriama. Anadai kuwa ameiotesha kwa mbegu na kuifikisha kwenye maua katika muda wa mwaka mmoja, jambo lisilowezekana. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi na haina akiba ya chakula, hivyo porini haioti mpaka ipate kuvu wa kuilisha. Kitaluni huoteshwa ndani ya chupa zilizotakaswa, na hupita miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza.

Mmea aliouziwa jirani yangu ulijieleza wenyewe. Mizizi yake minene ilikuwa imekatika, mingine bapa upande mmoja na bado imeng'ang'ania vipande vya jiwe la matumbawe, na majani ya chini yalikuwa na kuvumwani (yale magamba ya kijivu yanayoota polepole juu ya magome na mawe) pamoja na makovu ya zamani ya wadudu. Mche uliokulia chunguni huwa na mizizi mizima iliyofuata umbo la chungu. Mmea ulionyofolewa hunyauka polepole, na mnunuzi anapolalamika hujibiwa kwamba ameumwagilia maji kupita kiasi, jibu ambalo wengi, kwa bahati mbaya, hulikubali.

Muuzaji huyo anaahidi pia kuituma nchi za Ghuba "bila usumbufu". Okidi hii imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kuivusha mpaka kunahitaji kibali, na atakayehojiwa uwanja wa ndege ni msafiri aliyeibeba. Isitoshe, baadhi ya misitu ya pwani ni Kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambazo baadhi yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na humo hata kukata tawi kuna miiko yake.

Kabla ya kulipa, dai picha ya mizizi yote na ya kitalu chenyewe. Usinunue kwa huruma ya kuuokoa mmea, kwani fedha hiyo ndiyo inayomrudisha muuzaji mwambani kung'oa mwingine. Akaunti zake hubadilika majina, lakini tangazo ni lilelile: ua lenye mdomo mweupe ulioelekea juu, na sharti la kulipa yote kwanza kwa simu. Mkiliona Kenya, lihifadhini na kuliwasilisha kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori.