Kozi fupi ya utafiti wa kitabibu, Raskazone: siku tano zilizonifaa na saa chache zilizokosekana

Kwa miaka sita nimekuwa daktari wa wodi na kliniki katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na muda wote huo niliamini kwamba utafiti ni kazi ya wenzetu wa Muhimbili na wa taasisi kubwa, wenye maabara, wafadhili na maprofesa wa kuwasimamia. Nilipolipa ada ya shilingi 150,000 ili kuhudhuria kozi ya siku tano katika ukumbi mmoja wa Raskazone, jijini Tanga, nilifuata zaidi pointi za mafunzo endelevu kuliko elimu yenyewe. Naandika tathmini hii kwa sababu nilitoka na kitu kikubwa kuliko pointi, na kwa sababu wapo wenzangu wa Handeni, Lushoto na Pangani wanaojiuliza kama inafaa kuombea ruhusa kazini.

Tulikuwa washiriki kama ishirini: madaktari, matabibu, wauguzi, wafamasia wawili, na binti mmoja kutoka Marekani aliyekuwa akifanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya jirani. Yeye anasomea udaktari wa osteopathia, ule ulioasisiwa na Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo cha kwanza mjini Kirksville, jimbo la Missouri, mwaka 1892. Kwao daktari wa osteopathia ana leseni kamili ya kutibu, kuandika dawa na kupasua kama daktari mwingine yeyote, na juu ya hayo hufundishwa tiba ya mikono kwa misuli na viungo. Alitueleza kwamba chuo chake, kama vyuo vingi vya aina hiyo, hakina hospitali yake chenyewe. Wanafunzi wakifika miaka ya wodini hutawanywa katika hospitali za kawaida za miji midogo, na kila mmoja hujitafutia msimamizi wa utafiti. Wakati huohuo, tangu Januari 2022 hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ambao wengi wao huufanya haitolewi alama, bali kufaulu au kutofaulu tu, hivyo wanaochagua madaktari wa kuingia ubingwa hutazama zaidi mambo mengine, utafiti ukiwemo. Niliposikia shida yangu ikisemwa na mtu aliyetoka mbali kiasi kile, nilianza kuisikiliza kozi kwa sikio jingine.

Nguvu kubwa ya kozi hii ni kwamba mshiriki haruhusiwi kukaa na mada ya kubuni. Kila mmoja huja na swali linalotoka mahali pake pa kazi, na kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza swali hilo limeshapasuliwa mbele ya wote. Langu lilihusu shinikizo la damu katika wilaya nzima. Mkufunzi alilisoma mara mbili, kisha akaniambia kwa upole, "Daktari, swali hili linataka miaka kumi na magari mawili. Lipunguze mpaka lienee katika rejista yako." Tukalipunguza kwa kujiuliza ni wagonjwa gani, wanafanyiwa nini, wanalinganishwa na nani, na tokeo gani linapimwa. Jioni lilikuwa limekuwa hivi: kati ya wagonjwa wapya wa shinikizo la damu walioandikishwa kliniki kwetu katika mwaka mmoja, ni wangapi waliendelea kurudi hadi miezi sita ilipotimia, na waliorudi wanatofautianaje na wasiorudi kwa umri, umbali wa makazi na aina ya dawa waliyopewa. Swali hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji rejista, daftari na kibali cha kamati ya maadili.

Somo la ridhaa, yaani namna ya kumweleza mgonjwa utafiti hadi aamue mwenyewe kushiriki au kukataa, peke yake lingetosha kulipia ada. Tulipewa fomu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, tukatakiwa kumsomea mwenzetu aliyejifanya mgonjwa kutoka kijijini. Tuliona mara moja mahali inapokwama. Kugawa wagonjwa katika makundi bila mtu kuchagua kulikuwa kumeandikwa "bahati nasibu", na muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye sote tulimwita Mama, akasema kwamba kwa watu wake neno hilo ni mchezo wa pesa na haliwezi kutajwa karibu na mtoto mgonjwa. Baada ya mjadala mrefu tukakubaliana kueleza kwa maneno mengi zaidi: utapangiwa kundi kwa kuokota karatasi iliyokunjwa, na wala daktari wala wewe hamtachagua. Plasebo nayo ilikuwa imeitwa "dawa bandia", jina ambalo kwa mgonjwa yeyote humaanisha dawa feki ya dukani. Tukaandika kwamba ni kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake.

Likaja suala la damu. Hapa pwani hadithi za mumiani zingali hai vichwani mwa watu, na anayeandika "mililita 5" bila kufafanua anaacha nafasi kwa hofu kujaza anachotaka. Mama akapendekeza tuseme kijiko kimoja cha chai, ambacho ndicho kipimo chenyewe, na tuoneshe kijiko hicho kwa mkono. Mkufunzi alitukumbusha hapohapo kwamba Korogwe, ndani ya mkoa huuhuu, ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, likihusisha watoto zaidi ya 15,000, na kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo. Kila mmoja wa watoto wale alikuwa na mzazi au mlezi aliyeketi akaelezwa, akauliza, kisha akakubali. Nilikuwa sijawahi kuifikiria kazi ile kutokea upande wa mzazi.

Somo la kundi la kulinganishia nalo lilikuwa na uzito, na hapa yule binti alichangia sana. Aliuliza: kidonge unaweza kukifananisha, lakini tiba ya mikono utaificha vipi ili mgonjwa asijue yumo kundi gani? Mkufunzi akaleta utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika hospitali 7 za Marekani kwa wagonjwa 406 wa nimonia wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilipata tiba ya osteopathia juu ya matibabu ya kawaida, la pili likaguswa kidogo tu bila tiba, la tatu likabaki na matibabu ya kawaida. Wagonjwa wote walipohesabiwa katika makundi waliyopangiwa, hakukuonekana tofauti ya maana. Walipohesabiwa waliofuata utaratibu hadi mwisho tu, waliopata tiba walionekana kukaa hospitalini muda mfupi zaidi kuliko wa matibabu ya kawaida pekee. Tulibishana saa nzima juu ya hesabu ipi iaminiwe, na kwa nini ya kwanza ndiyo hupewa uzito. Binti yule, ambaye tiba hiyo ndiyo fani yake, alitetea hesabu ya kwanza kwa uaminifu ulionivutia.

Upungufu upo, na ni mkubwa mahali pamoja. Uchambuzi wa takwimu ulipewa nusu siku, tukitazama ukutani mkufunzi akibofya programu ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa nayo kwenye kompyuta yake. Mtu atakayerudi Lushoto na rejista ya wagonjwa mia tatu hawezi kuanzia hapo. Aidha, kozi ikiisha hakuna msimamizi anayepangiwa mshiriki, ilhali hilo ndilo pengo lililotuleta. Ukumbi ulikuwa safi, chakula kizuri, cheti kilichelewa wiki tatu.

Taratibu za vibali zilielezwa vizuri: kibali cha maadili kwa utafiti wowote unaohusu watu, idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa majaribio ya dawa, na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa mtafiti mgeni. Mgeni wetu alitambua siku hiyo kwamba miezi yake miwili isingetosha, akaomba kufundishwa namna ya kusoma mafaili kwa ajili ya utafiti atakaoufanya kwao.

Waandaaji wakiongeza siku moja ya takwimu, kila mtu akiwa na kompyuta mbele yake, na wakimpa kila mshiriki msimamizi mmoja wa kumpigia simu kwa miezi mitatu, nitalipa mara mbili ya ada ile. Andiko langu la utafiti limerudi kutoka kwa kamati ya maadili likiwa na maswali manne. Matatu nimeshayajibu, na la nne linahusu namna nitakavyoficha majina ya wagonjwa katika daftari.