TAHADHARI: Muuza "dawa ya kifua" wa kituo cha Rangi Tatu

Jamani, naomba mnisome mpaka mwisho. Nimelia nikamaliza, sasa naandika. Nimeingizwa mjini mchana kweupe, mimi ambaye nyote mnajua navyobana hela, na aliyeumia ni mtoto.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni, Mbagala Rangi Tatu, upande wa wauza mitumba. Kijana ana koti jeupe limenyooshwa pasi, meza ina kitambaa cha kijani, spika inaita: "Mafua makali, kikohozi, kifua kubana, virusi vyote!" Mimi ndiyo natoka kazini, na usiku wake sikulala, mnajua kifua cha mwanangu kilivyo tangu mvua zianze. Nikasimama. Hakunikimbilia, na hicho ndicho kilichonivuta. Alimaliza kwanza na mzee mmoja, akamshika bega, "baba, maji ya moto usiache." Ndipo akanigeukia: "Mama, una mtoto anakohoa?" Sikuwa nimemwambia neno! Leo najua alinisikia nikiongea na dada wa nyumbani kwenye simu. Saa ile mwili ulinisisimka.

Akanimiminia kwenye kifuniko. Tangawizi, karafuu, pilipili manga, halafu uchungu nyuma yake kama mwarobaini. Ikashuka inaunguza, pua ikazibuka palepale. Akanionyesha karatasi ya laminesheni yenye nembo na mhuri. Niliuona mhuri, maandishi sikuyasoma. Akanichezea sauti za wateja, mwanamke anasema, "siku ya tano mwanangu mzima kabisa." Chupa elfu 15, tatu elfu 40. Nikapatana hadi 35, nikajiona nimeshinda. Nikatuma hela, jina likaja la mwanamke. Akasema, "la mke wangu hilo."

Na asije mtu kuniita mjinga. Bibi alitulea sote kwa mchaichai na mwarobaini. 2021 wakati wa corona nani hapa hakupiga nyungu? Kwetu nyumba nzima tuliingia chini ya blanketi. Mei 2020 serikali ilituma ndege Madagascar kufuata dawa ya mitishamba ya corona, NIMR nao, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wakatengeneza ya kwao ya mitishamba, NIMRCAF. Mtu niliyeyaona hayo yote kwa macho yangu, akija kijana na koti jeupe akaniambia majani yake yanaua virusi, ningemkatalia kwa lipi?

Lakini hela siyo kinachoniuma. Aliniambia niache dawa za hospitali, eti "zinagombana mwilini." Nikaziacha! Siku mbili za mwanzo homa ikashuka, mtoto akacheza, nikamsifia yule kijana kwa jirani, jirani naye akanunua. Nimeshakwenda kumwomba radhi. Ijumaa usiku namvua fulana nimwogeshe, naona mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, matundu ya pua yanatanuka, analia na sauti haitoki. Hospitali daktari alishika saa akahesabu: pumzi 58 kwa dakika. Akasema kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, zikifika 40 tu ni haraka mno. Nimonia. Siku nne kwenye oksijeni. Alhamdulillah, yuko nyumbani, ameanza kula uji.

Daktari aliponiuliza "ulimpa nini?" nilitamani ardhi ipasuke. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba mafua ya virusi mara nyingi huisha yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, kwa hiyo ukimpa mtu chochote, siku ya tano utapata ushuhuda wako. Nikaikumbuka ile sauti ya simu. Akasema pia wapo wanaochanganya kwa siri dawa za hospitali za kushusha homa ndani ya mitishamba, mzazi anaona nafuu huku kifua kinaharibika.

Dalili zilikuwepo. Chupa ni ya maji ya kunywa imebandikwa karatasi, viambato hamna, tarehe ya kuisha hamna, namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala hamna. Lile jina la malipo. Na mtu yeyote anayekuambia uache dawa ya daktari, ondoka. Nyingine nitaandika nikitulia.

Jumatatu nilirudi, meza haipo. Wauza mitumba wanasema kahamia pande za Temeke. Simu haipatikani. Nataka akamatwe, avuliwe lile koti mbele ya abiria wote aliowauzia, kisha afungwe. Faini siitaki, faini ataitoa kwenye hela ya mama mwingine! Huyu angeniulia mtoto kwa elfu 35.

Chupa mbili zimebaki, moja haijafunguliwa. Kesho asubuhi nazipeleka polisi, niombe zifike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali zipimwe. Mkiona kitambaa cha kijani, spika na koti jeupe, popote pale, msibishane naye. Nipigieni, nakuja hata usiku.