Mshauri wa fedha wa ada au wakala wa bima: yupi amfaa mvuvi wa Lamu?

Wakala hakudai ada. Hulipwa kamisheni na kampuni, kwa hiyo jibu lake kwa kila shida huelekea kuwa bima. Mshauri aliyeidhinishwa hukutoza, lakini huanza na hesabu zako: mapato ya kaskazi, uhaba wa kusi, deni la mashine ya boti, karo.

Hapo ndipo penye uzito. Kusi ikivuma boti hukaa ufuoni, ila malipo ya bima hudaiwa vilevile. Ukiikatiza bima ya maisha miaka ya mwanzo, mara nyingi huambulii kitu. Mshauri mzuri hutanguliza akiba ya miezi sita, kisha takaful, yaani bima ya Kiislamu, kwa anayeepuka riba, pensheni, na wasia: kwa Muislamu usizidi theluthi ya mali, wala usimwongezee mrithi bila ridhaa ya wenziwe.

Ukishajua unachotaka, mathalani bima ya afya, wakala anatosha. Kagua leseni: wakala kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, mshauri wa uwekezaji kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Na kila mmoja aandike analipwa na nani.