Mbege au busaa: ipi ya kuanza nayo nyumbani?

Mbege, pombe ya kienyeji ya Wachaga, huanzia kwenye ndizi mbivu, ambazo huchemshwa kwa saa nyingi na kuachwa zichachuke siku kadhaa, kisha maji yake yaliyochujwa huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Magome ya mti wa msesewa ndiyo yanayoipa uchungu, na bila uchungu huo utamu wa ndizi hukinaisha upesi. Busaa, pombe ya Waluhya, hutokana na unga wa mahindi uliochachuka, unaokaangwa juu ya bati hadi ugeuke kahawia na kunukia, ndipo unapotiwa maji na kimea. Anayeanza namshauri busaa, kwa kuwa mahindi hayasumbui kupatikana, ilhali msesewa ni wa kutafutwa. Kwa ladha, hata hivyo, nachagua mbege, hasa inapopokezanwa kwa kibuyu.